Kila baada ya dakika ngapi? Ratiba iliyojificha nyuma ya barua pepe yako

Ukituma barua pepe kwenye dawati la huduma la chuo au ofisi ya mikopo, mara nyingi unajibiwa: "Ombi lako limepokelewa, namba yake ni hii." Unaweza kudhani mfumo ulishtuka pale pale barua ilipoingia. Kwa mifumo mingi, sivyo. Barua ilifika kwenye seva ikakaa, ikisubiri programu ndogo ije kuichukua. Na programu hiyo huja kwa ratiba.

Fikiria sanduku la posta, lile la S.L.P. Barua ikiingia, sanduku halikupigii simu. Lazima mtu aende na ufunguo, afungue, achungulie. Akienda mara moja kwa wiki, barua inaweza kulala humo siku sita. Akienda kila saa, atamaliza nauli na mara nyingi atakuta sanduku tupu. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo.

Kwenye Linux na ndugu zake, anayepanga safari hizi ni cron, programu iliyokuwepo kwenye Unix tangu miaka ya 1970. Kila dakika inaamka, inasoma orodha yake, inaanzisha kazi ambayo muda wake umefika. Kila kazi ina sehemu tano za muda: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya wiki. Ukitaka kazi ifanyike kila baada ya dakika 5, unaandika hivi:

*/5 * * * *

Kinyota maana yake "yoyote", na namba iliyo baada ya mkwaju ni hatua ya kuruka. Kubadilisha 5 kuwa 15 ni kazi ya sekunde chache. Swali gumu ni namba ipi uweke.

Hebu tupige hesabu. Barua huingia wakati wowote, kwa hiyo kwa wastani husubiri nusu ya muda wa ratiba. Ukichungulia kila dakika 60, wastani wa kusubiri ni dakika 30, na safari ni 24 kwa siku. Kila dakika 15: dakika 7 na nusu, safari 96. Kila dakika 5: dakika 2 na nusu, safari 288. Kila dakika 1: nusu dakika, safari 1,440.

Umeona? Kutoka 60 kwenda 15 umeokoa dakika 22 na nusu kwa safari 72 za ziada. Kutoka 5 kwenda 1 umeokoa dakika 2 tu, kwa safari 1,152 za ziada! Na kila safari ina gharama: kuunganisha, kuingiza nywila, kuuliza kama kuna kipya.

Sasa tuseme mwisho wa kupokea maombi ni saa 10:00 jioni, na kazi imepangwa dakika ya 30 ya kila saa. Umetuma ombi lako saa 9:40. Programu inalichukua saa 10:30. Kama mfumo unaandika saa ya kuchukua badala ya saa ambayo seva ilipokea, basi wewe umechelewa kwa nusu saa, na hukufanya kosa lolote. Kuharakisha ratiba kunapunguza tatizo hili, hakuliondoi. Dawa yake ni mfumo usome muda uliowekwa na seva ya barua pepe.

Ukiamua kubadilisha namba, kuna mitego mitatu.

Kwanza, hatua huanza upya kila saa. Ukiandika */45 utadhani ni kila dakika 45. Kumbe kazi itafanyika dakika ya 0 na ya 45, kisha saa mpya inaanza: mara pengo la dakika 45, mara la 15. Tumia namba inayogawanya 60 bila baki.

Pili, mifumo mingine ina ratiba mbili: ya cron, na nyingine kwenye mipangilio ya mfumo wenyewe. Ukiweka dakika 2 kwenye mfumo huku cron inaiamsha kila dakika 5, utapata 5. Ukiweka 7, kwenye dakika ya 5 muda utakuwa haujafika, kwa hiyo utapata 10.

Tatu, cron haiulizi kama kazi ya mwanzo imekwisha. Kama kazi inachukua sekunde 90 na umeipanga kila dakika, ya pili itaanza ya kwanza ikiwa bado inaendelea. Zote mbili zinaweza kusoma barua ile ile, na mtu mmoja akapata namba mbili za ombi. Kwenye Linux, programu ya flock huweka kufuli ili wa pili asiingie.

Je, haiwezekani seva ndiyo iite? Inawezekana. Tangu mwaka 1997 itifaki ya IMAP ina amri ya IDLE: programu inabaki imeunganishwa, na seva inaiambia barua mpya inapoingia. Lakini hapo programu lazima iwe macho muda wote, na muunganisho ukikatika iutengeneze upya. Ndiyo maana ofisi nyingi bado zinatumia ratiba.

Kwa hiyo kabla ya kugusa ile namba, jiulize mambo mawili: kazi moja inachukua muda gani hadi kuisha, na anayesubiri anapoteza nini kwa kila dakika? Kwa taarifa ya kila wiki, saa nzima inatosha. Kwa mtu anayesubiri kubadilishiwa nywila ili aingie kwenye mtihani, dakika 15 ni nyingi mno.