Kadi ya Michezo na Kadi ya Kazi

Mtu aendaye dukani kutafuta kadi ya grafiki ya kompyuta yake aghalabu huonyeshwa jinsi mbili, moja inadiwayo kwa wachezaji wa gemu na nyingine kwa wahandisi na wasanifu wa majengo, na kwa kuwa bei ya hiyo ya pili yaweza kufika mara tatu ya ile ya kwanza, hudhani kwamba iliyo ghali ndiyo yenye kasi. Dhana hii ni batili, nayo huwapotezea watu fedha waliyoichuma kwa jasho.

Mwaka 2020 kampuni ya NVIDIA ilitoa GeForce RTX 3090, iliyotangazwa Marekani kwa dola 1,499, na RTX A6000, ambayo bei yake ilizidi dola 4,000. Zote mbili zimejengwa kwa chipu moja, GA102; ya kwanza ina viini vya hesabu 10,496 na ya pili 10,752, tofauti isiyofika hata sehemu tatu katika mia. Tena 3090 imeruhusiwa kula umeme wa wati 350 hali mwenziwe amewekewa mpaka wa wati 300, na kumbukumbu yake hupitisha data kwa haraka zaidi, hata ikawa hiyo iliyo rahisi yaweza kumshinda aliye ghali katika baadhi ya michezo.

Basi ile ziada ya fedha hununua nini? Hununua nafasi, kwani A6000 ina gigabaiti 48 za kumbukumbu na 3090 ina 24, na mchoro usioenea katika kumbukumbu ya kadi ama hukataa kukamilika, au huazima kumbukumbu ya kompyuta yenyewe ukaenda kwa kusuasua. Hununua pia usahihi, maana kumbukumbu ya A6000 yaweza kujisahihisha pale biti moja inapogeuka pasipo amri. Lakini lililo kubwa kwangu ni ithibati: watungaji wa programu za uhandisi, kama Autodesk, Siemens na Dassault Systèmes, huzijaribu kadi maalumu pamoja na draiva zake na kuzitia katika orodha ya zile wanazozikubali, hata mhandisi anayechora kipande cha injini, endapo mistari itapotea kiooni, awe na mtu wa kumwendea akasikilizwa. Mwenye kadi ya michezo aweza kuambiwa kwamba kadi yake haimo katika orodha, na shauri likaishia hapo.

Kwa mwanafunzi wa usanifu, mhariri wa filamu, au mchoraji atumiaye programu ya Blender, nasema bila kusita kwamba kadi ya michezo yamtosha, hasa kwa kuwa tangu mwaka 2019 NVIDIA hutoa draiva za Studio kwa ajili ya kazi za namna hiyo. Mwanasayansi naye asidanganywe na jina la kadi ya kazi, kwani kwa hesabu za desimali ndefu chipu ya GA102 ni dhaifu katika kadi zote mbili. Hizo zataka kitu kama kadi ya A100 ya NVIDIA, ambayo haina hata tundu la kuunganishia kioo.

Nina hofu zaidi kwa anunuaye kompyuta ya mtumba iliyotoka katika ofisi za Ulaya, akavutiwa na jina la Quadro, ambalo zamani NVIDIA ilizipa kadi zake za kazi, lililobandikwa ubavuni. Quadro 4000 ya mwaka 2010 ilikuwa na hadhi kubwa katika zama zake, lakini ina gigabaiti 2 tu za kumbukumbu, na ukoo wake wa chipu, Fermi, uliachwa nje ya draiva mpya tangu 2018, hata kadi ya michezo ya bei ya chini iliyotoka miaka mingi baadaye ikawa bora kuliko hiyo. Mnunuzi na aulize mwaka na kumbukumbu kabla ya jina, kisha, ikiwa kazi yake ni ya uhandisi, aitafute namba kamili ya kadi hiyo katika orodha ya mtungaji wa programu atakayoitumia, na toleo la draiva lililoandikwa kando yake.