Sitiari ya "Ngome" na Kura za Kibra

Wachambuzi wa siasa nchini Kenya wamezoea kuliita eneo la Kibra, jijini Nairobi, "ngome" ya chama cha ODM. Sitiari hii ya vita humwonyesha msomaji ukuta mmoja, na ndani yake watu wa nia moja. Yafaa tuipime kwa uchaguzi mdogo wa tarehe 7 Novemba 2019, uliofuatia kifo cha mbunge Ken Okoth.

Imran Okoth wa ODM alipata kura 24,636, McDonald Mariga wa Jubilee 11,230, naye Eliud Owalo wa ANC 5,275. Ushindi ulikuwa dhahiri. Hata hivyo, waliojiandikisha walizidi 118,000; yaani mshindi alichaguliwa na takriban mmoja kati ya kila watano wao, na karibu thuluthi mbili hawakupiga kura kabisa. (Kibra ni jina la Kinubi lenye maana ya msitu, nalo, kwa maoni yetu, lasadifu zaidi kuliko ngome.)

Hao thuluthi mbili hawana jina katika msamiati wa magazeti. Wakitajwa, husemwa tu kwamba "hawakujitokeza", kana kwamba walikuwa wamejificha.