Mguu Usiosikia Maumivu

Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha katika jarida la kitabibu taarifa ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Panya si habari. Nyumba ngapi za mijini hazina? Habari ni kwamba mtu anatafunwa kidole na haamki.

Tunasema fulani "ana sukari" kana kwamba ugonjwa unaishia kwenye damu. Kongosho likishindwa kutoa insulini ya kutosha, au mwili ukiacha kuitii, sukari hurundikana na mwaka hadi mwaka huharibu mishipa midogo: ya jicho, ya figo, na ile inayolisha neva. Neva zinazofika miguuni ndizo ndefu kuliko zote, nazo huwa za kwanza kuumia. Huanza ganzi, au miguu kuwaka moto usiku. Baadaye moto hutulia, na mgonjwa humshukuru Mungu akidhani amepona. Kumbe neva imekufa.

Hapo msumari hupenya kandambili, kiatu kipya huchubua, na mwenyewe anaendelea na safari zake. Wapo wanaokanda miguu kwa maji ya moto na chumvi ili kuondoa ganzi. Maji huwababua wasijue. Kwa kuwa damu inafika huko chini kwa shida, na kinga ya mwili imedhoofishwa na sukari hiyohiyo, mchubuko hugeuka kidonda ndugu, kisha hufika mfupani.

Mtaani wanasema hospitali wanakata miguu. Mimi naona tunaipeleka ikiwa imeshaoza, baada ya wiki kadhaa za kupaka majani na unga wa vidonge vya rangi mbili.

Wengine hugundua kidondani kwamba wana kisukari, baada ya kuishi nacho miaka bila kujua. Kapime. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika milimoli 7 kwa lita, na kipimo cha pili kikathibitisha, ndiyo yenyewe.

Uliye nayo tayari, kagua nyayo na katikati ya vidole kila jioni. Usipoweza kuinama, mwite mjukuu akutazamie. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa, na usitembee pekupeku hata ndani. Siku ya kliniki, wakimaliza kukupima bila kukuambia uvue viatu, vua mwenyewe.