Truffaut hakuanzisha Cahiers du cinéma

Truffaut na Godard walipata wapi pesa za kuanzisha jarida la Cahiers du cinéma? Vijana wa Pangi wanaosomea Kindu, hapa Kongo, huniuliza hivyo kila tunapozungumzia sinema, na leo nawajibu kwa maandishi ili swali hili lipumzike. Hawakuzipata popote, kwa sababu waongozaji hao wa sinema ya Ufaransa hawakuanzisha kitu.

Toleo la kwanza lilitoka Aprili 1951, jalada la manjano lenye picha ya Gloria Swanson. Waanzilishi walikuwa André Bazin, Jacques Doniol-Valcroze na Joseph-Marie Lo Duca. Fedha zilitoka kwa Léonide Keigel. Walilitoa kwa kumbukumbu ya Jean George Auriol, mhariri wa La Revue du cinéma, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka uliotangulia. Truffaut wakati huo ni askari wa miaka 19, na mwaka huohuo alitoroka jeshi akafungwa. Makala yake ya kwanza humo ni ya 1953. Ile kali inayotajwa kila mahali, ya kuwashambulia waandishi wa hati za filamu wa Ufaransa, ilitoka Januari 1954, katika toleo la 31. Godard naye aliingia 1952, akijificha nyuma ya jina la Hans Lucas. Walikuta nyumba imeshajengwa.

Nakasirika kwa sababu kosa hili lina madhara. Anayeliamini hudhani jarida la sinema ni kazi ya watu wenye majina, kwa hiyo anatafuta kamera kwanza, halafu jina, na kuandika kunabaki kwa siku isiyofika. Wengine wamebeba ukali wa Truffaut peke yake: wanaiponda filamu ya Kinshasa waliyoitazama robo, wakadhani huo ndio uhakiki.

Mtazameni Bazin. Alisomea ualimu, akaangushwa na mtihani wa mdomo kwa sababu ya kigugumizi. Darasa alilolikosa akalipata kwenye vilabu vya sinema, vingine viwandani, katika miaka ya vita na baada yake. Filamu ikiisha taa zinawashwa, na wafanyakazi wanaanza kujadili walichokiona. Bazin alipenda hasa picha ndefu isiyokatwakatwa, ambamo aliye mbele na aliye nyuma wote wanaonekana vizuri, mtazamaji akajichagulia mwenyewe pa kuangalia. Jarida lilichota humo, kwenye mazungumzo ya watazamaji wa kawaida.

Na huku kwetu Kongo, miaka ileile? Mwaka 1952 L. Van Bever, afisa wa filamu wa serikali ya kikoloni, alichapisha Brussels kitabu Le cinéma pour Africains. Hoja ilikuwa kwamba Mwafrika atengenezewe filamu zake pekee, nyepesi, za mwendo wa polepole, kwani za Wazungu zingemchanganya. Wamisionari walijaza nafasi hiyo: Alexandre Van den Heuvel na katuni za swala Mboloko, Albert Van Haelst na vichekesho vya Matamata na Pilipili. Yaani fundi wa Paris anaombwa maoni juu ya picha, na mchimba bati wa Kalima anahesabiwa mtoto. Nawaambia waziwazi: anayesema leo kwamba watu wa Pangi hawawezi filamu isiyo na ngumi na bunduki anamrudia Van Bever bila kumsoma.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Bazin alifariki Novemba 1958, akiwa na miaka 40, Truffaut akiwa ndiyo kwanza ameanza kupiga filamu yake Les 400 coups. Éric Rohmer alishika uhariri, mhakiki mwenzake Jacques Rivette akamng'oa 1963. Mwanzoni mwa miaka ya 70 jarida likamfuata Mao na kupoteza wasomaji. Toleo la 300, Mei 1979, alikabidhiwa Godard, akaandika humo habari za Msumbiji, alikoalikwa kufikiria televisheni kabla nchi haijawa nayo. Mwaka 2020 wenye mali walibadilika na wahariri wakajiuzulu.

Mfanye nini, basi? Kusanyikeni parokiani au shuleni: shuka jeupe, projekta ya kuazima, sola au jenereta. Filamu moja kwa mwezi yatosha. Baada yake acheni nusu saa ya maneno, mmoja akiandika yanayosemwa, mama wa sokoni apewe nafasi kabla ya mwalimu. Kurasa mbili, Kifaransa au Kiswahili, fotokopi chache, zibandikwe. Mnaopata intaneti someni Africiné, ya shirikisho la wahakiki wa Afrika lililo Dakar. Mkikuta matoleo ya zamani ya Écrans d'Afrique, ya miaka ya 90, yashikeni. Mwacheni Godard kwa sasa. Anzeni na Examen d'État ya Dieudo Hamadi, 2014: wanafunzi wa Kisangani wanafukuzwa darasani kwa kukosa pesa za walimu, wanajikusanya kwenye nyumba moja kujiandaa na mtihani wa serikali. Hakuna mzazi wa Pangi atakayekosa la kusema taa zikiwashwa.