Jiko la Mama: Ulibebe Kutoka Nairobi?

Una pesa kidogo, basi la usiku utalipandia Kangemi, na kule nyumbani mama bado anapikia mafiga matatu, macho yakimtiririka. Kabla hujalipia jiko la kwanza utakaloliona mjini, piga hesabu.

Jiko la bati lenye udongo ndani, lile lililobuniwa hapa Kenya mapema miaka ya 1980, linapatikana kwa urahisi, Gikomba hadi Kawangware. Linakula makaa kidogo kuliko la bati tupu. Lakini bado ni makaa! Mama anayeokota kuni shambani utamwanzishia gharama mpya: kopo la shilingi 100 kila siku ni 3,000 kwa mwezi. Tena makaa yana hewa ya sumu isiyoonekana. Asiyawashe chumba kikiwa kimefungwa, wala asilale nayo ndani.

Gesi ndiyo safi zaidi. Ila bei ya kujaza mtungi wa kilo 6 si bei ya kuanza: mtungi wenyewe, kichomeo na grili vinalipiwa kando. Uliza mahali mama atakapoujazia. Ikibidi bodaboda kwenda na kurudi, nauli hiyo ihesabu kwenye gesi. Mtungi ukijazwa, upimwe: uzito wake ukiwa mtupu umeandikwa juu yake, jumlisha kilo 6. Zikipungua, usiuchukue. Na kama huna uhakika wa pesa za kujaza mwezi ujao, mama atarudi kwenye mafiga.

Kwa anayetumia kuni, mimi ningenunua Upesi, jiko la udongo lililotokana na lile la shirika la Maendeleo ya Wanawake. Usilibebe kutoka Nairobi. Utalipia mzigo, kisha gunia la mtu liliangukie kabla hamjafika Nakuru. Kama kwenu ni Nyanza, karibu na Kisumu wako akina mama wa kundi la Keyo, wafinyanzi wa majiko haya. Hapo pesa moja inasaidia wanawake wawili: aliyefinyanga na atakayepika.

Kabla hujalipa, ligonge jiko kwa kucha. Likilia kama kengele, limeiva. Likitoa mlio mzito, huenda lina ufa, liache. Tenga ujira wa fundi wa kulijengea kwa tope, na lisiwashwe kabla tope halijakauka. Moshi utapungua, hautaisha, kwa hivyo chenji ikibaki, mwambie huyo fundi atoboe dirisha.