Mkono Uliochora Karata za Taroti

Mwezi uliopita dada yangu aliniita nyumbani kwake Mji wa Kale, Mombasa, naye amekasirika hata mkono wa salamu hakunipa vizuri. Mwanawe anayesoma Uingereza alikuwa amekuja likizo, na katika kumpangia nguo zake dada akakuta kijisanduku cha karata. Si karata tulizozizoea. Moja ina mifupa ya mtu iliyopanda farasi mweupe, nyingine ina mtu aliyening'inizwa kichwa chini, nyingine moyo uliochomwa kwa panga tatu.

"Kaka, balaa gani hili nililoletewa nyumbani? Nalitia moto leo hii!"

Kijana alijitetea. "Wallahi mjomba, mimi sitazamii. Nimezinunua kwa ajili ya picha." Basi nikaambiwa niamue, maadamu mimi ndiye mwandishi wa habari za sanaa.

Kwa upande wa kutazamia hapakuwa na la kuamua. Aya ya 90 ya Surat al-Maida imeweka kupiga bao kwa mishale pamoja na ulevi na kamari, na anayetafuta ya kesho kwa karata amo humo humo. Lakini nilipokuwa nikizigeuza niliona kitu pembeni mwa picha. Herufi tatu ndogo, P, C na S, zimesokotana kama kuti za ukili. Nikaigeuza ya pili, zipo. Ya tatu, zipo. Nikamwomba dada aniazime muda kabla ya kiberiti.

Msomaji huenda akadhani karata hizi ni uchawi wa Kizungu wa tangu hapo. La hasha. Karata ziliingia Ulaya katika karne ya 14 kutoka nchi za Kiislamu. Katika jumba la Topkapı, Istanbul, kumehifadhiwa seti ya Wamamluki wa Misri yenye vikombe, dirhamu, panga na magongo ya polo, na chini ya mfalme yuko naibu wake. Wahispania hadi leo huziita karata "naipes", na asili yake ni neno hilo hilo la naibu. Waitalia wa karne ya 15 wakaongeza karata 22 za picha, zikawa taroti, nao wakazichezea mchezo tu. Habari za kutazamia zilitiwa nguvu Ufaransa tangu mwaka 1781. Na sisi pia tumo: kopa, uru, shupaza na pau ni maneno ya Wareno, yaani vikombe, dhahabu, panga na magongo. Mzee anayepiga kopa barazani baada ya Isha anataja kikombe kile kile cha taroti, wala hana habari.

Sasa hizo herufi. Ni za mwanamke, Pamela Colman Smith, aliyezaliwa London mwaka 1878 kwa wazazi wa Kimarekani. Utotoni alikaa Manchester, kisha baba yake akapata kazi Jamaika, na huko ndiko binti alikosikia hadithi za Anansi, yule buibui mwerevu aliyevuka bahari pamoja na watumwa kutoka Afrika Magharibi. Sisi tuna sungura wetu na Abunuwasi, kwa hiyo hatuhitaji kuelezwa. Mwaka 1893 alikwenda kusomea uchoraji katika chuo cha Pratt, Brooklyn. Mama yake akafariki mwaka 1896, naye akaondoka chuoni mwaka uliofuata bila shahada. Mwaka 1899 akatoa kitabu cha hadithi za Anansi alizozichora mwenyewe, na kabla mwaka huo haujaisha baba naye akafa. Miaka 21, hana baba wala mama.

Waliompokea ni watu wa maigizo. Alifuatana na kundi la Lyceum la London, la Henry Irving na Ellen Terry, akishughulika na mavazi na mapambo ya jukwaa. Mimi naona jukwaa hilo katika karata zake: watu wamesimama mbele, nyuma yao kuna mstari mmoja, kisha mandhari kama pazia lililopakwa rangi. Alikuwa na jambo jingine la ajabu, kwamba akisikia muziki huona picha, na mkono huzifuata. Michoro yake ilionyeshwa New York mwaka 1907 na Alfred Stieglitz, mpiga picha mashuhuri, katika ukumbi ambao kabla yake ulikuwa ukionyesha picha za kamera tu.

Mwaka 1909 Arthur Edward Waite, aliyekutana naye katika chama cha siri kilichoitwa Golden Dawn, alimpa kazi ya kuchora seti nzima, karata 78. Waite alijishughulisha zaidi na zile 22 kubwa. Zile ndogo, ambazo katika seti nyingi za kale zilikuwa na hesabu ya vikombe au panga tu, Pamela alizitilia watu, nyumba, mvua, majonzi na vicheko. Hapo ndipo penye ufundi wake. Kazi ilimchukua miezi michache, na Novemba mwaka huo alimwandikia Stieglitz kwamba amemaliza kazi kubwa kwa pesa kidogo sana.

Hapo nilinyamaza kidogo. Mimi nami niliwahi kuchora picha za kitabu cha watoto, nikalipwa mara moja, kitabu kikachapwa tena na tena, na jina langu halimo. Lakini changu ni kitabu kimoja. Karata za Pamela zimeenea dunia nzima, na kwa miaka mingi ziliitwa kwa jina la Rider, mchapishaji, na la Waite. La kwake lilibaki pale pembeni. Toleo la kuadhimisha miaka 100, mwaka 2009, ndilo lililomtanguliza Smith mbele ya Waite.

Yeye mwenyewe hakudumu na mambo ya siri. Mwaka 1911 aliingia Ukatoliki, baadaye akahamia Cornwall, pwani ya kusini-magharibi ya Uingereza. Alifia katika mji wa Bude Septemba 1951, na vitu vyake vikauzwa kulipia madeni. Kaburi lake halijulikani lilipo.

Dada alikuwa amesikiliza yote haya na kiberiti mkononi.

"Sitini na ngapi vile alizochora?"

"Sabini na nane."

"Na wasimlipe?"

"Walimlipa kidogo."

Akaichukua ile yenye moyo na panga tatu, akaitazama kwa muda, akairudisha kifudifudi. Akamwambia mwanawe azifunge ndani ya begi lake alilokuja nalo, begi lifungwe kwa ufunguo, na ufunguo akae nao yeye mama hadi siku ya safari.