Kumtazama Nyangumi Watamu: Unachopaswa Kujua Kabla ya Kupanda Boti

Kila mwaka kusi inaposhika kasi, wavuvi wengi wa Kaunti ya Kilifi hulazimika kuacha vyombo vyao ufuoni. Bahari huchafuka, watalii hupungua na kipato hushuka. Hata hivyo, ni katika miezi hiyo hiyo, hasa kuanzia Julai hadi Septemba, ambapo mgeni mkubwa hupita mbele ya pwani yetu: nyangumi mwenye nundu.

Ziara za kumtazama nyangumi huyu kutoka Watamu zimewapa manahodha, mabaharia na waongoza watalii kazi katika msimu mgumu. Makala haya yanaeleza mgeni huyo ni nani, safari yenyewe huwaje, na kwa nini namna tunavyomkaribia ni suala la riziki yetu wenyewe.

Anatoka wapi?

Kwanza, tusimchanganye na papa shilingi. Papa shilingi ni samaki na hupumua kwa matamvua. Nyangumi ni mnyama: ana mapafu, huzaa na hunyonyesha. Mwenye nundu aliyekomaa hufikia urefu wa mita 13 hadi 16, na uzito wake huweza kupita tani 25.

Chakula chake kiko katika bahari baridi karibu na Antaktika, ambako hula viumbe wadogo wanaofanana na uduvi. Majira ya baridi yanapoingia huko kusini, huanza safari ya zaidi ya kilomita 5,000 kuja katika maji yetu ya joto ili kupandana, kuzaa na kulea. Mimba yake huchukua takriban mwaka mmoja. Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa mita 4 hivi.

Muda wote akiwa huku, mama hula kidogo sana au hali kabisa. Anaishi kwa mafuta aliyoyahifadhi mwilini, na ni kwa mafuta hayo hayo anamnyonyesha mtoto na kurudi naye kusini. Kila anapofukuzwa na boti, anatumia akiba ambayo hana pa kuijazia hapa.

Safari huwaje?

Boti nyingi huondoka asubuhi mapema, kabla upepo haujaongezeka. Ukishavuka mwamba, utasikia tofauti mara moja, kwani mawimbi ya kusi si ya mchezo. Jiandae kukaa baharini saa kadhaa. Kula chakula chepesi, beba maji, kofia na nguo ya kuzuia upepo. Anayeshikwa na kichefuchefu atazame upeo wa macho badala ya kuinamia simu.

Kabla ya kupanda, hakikisha boti ina leseni na redio ya mawasiliano, na kwamba kila abiria, watoto wakiwemo, ana jaketi la kuokoa maisha linalomtosha. Ulivae, usilikalie. Uliza pia kama bei uliyotajiwa inajumuisha ada ya Hifadhi ya Baharini ya Watamu, ambayo husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Nahodha akisema bahari haifai siku hiyo, msikilize.

Huko nje, dalili ya kwanza huwa ni mvuke unaoruka juu nyangumi anapotoa pumzi. Kisha huonekana mgongo na, akizama kwa kina, mkia. Chini ya mkia kuna madoa meupe na meusi ambayo hayafanani kwa nyangumi wawili, kama zisivyofanana alama za vidole vya watu. Picha yako nzuri ya mkia inaweza kuwasaidia watafiti kumtambua nyangumi huyo akionekana tena.

Lakini hakuna anayeweza kukuahidi kwamba utamwona. Nahodha anayeahidi ndiye atakayeshawishika kumfukuza.

Mkaribie kwa adabu

Kanuni zinazotumika sehemu nyingi duniani ni rahisi. Boti ikae umbali wa angalau mita 100. Imwendee kwa upande, polepole, isimkate njia mbele wala kumfuata nyuma. Boti kadhaa zisimzunguke. Mama na mtoto wasitenganishwe kamwe, na abiria wasiruke majini. Nyangumi akibadilisha mwelekeo ghafla au akizama mara kwa mara, anaomba nafasi, ondokeni.

Abiria nao wana wajibu. Mara nyingi nahodha husogea karibu kwa sababu wateja wanamsukuma wakitaka picha. Mwambie mapema kwamba umekuja kutazama, si kukimbizana.

Akinaswa au akikwama

Akionekana amenaswa kwenye jarife, usiingie majini kumkata kamba. Pigo moja la mkia linaweza kuua. Kaa mbali, kumbuka mahali alipo, na uiarifu KWS au kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU) kilicho karibu. Akikwama ufuoni akiwa hai, usimvute mkia. Mlowesheni ngozi kwa maji, lakini maji yasiingie kwenye tundu la pumzi lililo juu ya kichwa, na watu wasimsonge. Akiwa amekufa, usimguse wala kuchukua nyama yake.

Nyangumi hawa waliwahi kuwindwa karibu kwisha, hadi uwindaji wao wa kibiashara katika nusu ya kusi ya dunia ulipopigwa marufuku mwaka 1963. Wanaopita Watamu leo ni matunda ya subira hiyo. Nyangumi aliyeachiwa nafasi ana sababu ya kurudi msimu ujao, na akirudi, boti zetu zitakuwa na kazi wakati wa kusi.